Mgeni wa Udongo na Aje, Lakini Wenyeji Wapone

Bwana mkulima, nawe Bibi mkulima, ziko kazi zenye majina marefu ambazo wengi wetu hatuzijui. Moja ni kazi ya mtafiti wa mimea na vijidudu vya udongo. Vyuo vikuu na vituo vya utafiti huitangaza mara kwa mara. Anayetakiwa ni mtu aliyekwisha kupata shahada ya udaktari, si daktari wa hospitali bali daktari wa elimu, naye hupewa mkataba wa miaka miwili au mitatu ili achunguze jambo moja. Hapa Kenya watu wa namna hii hufanya kazi Kabete, Kasarani, Gigiri, Mbita na kwingineko. Maabara zao ziko huko, lakini udongo wanaouhitaji uko shambani kwako.

Basi siku moja mtu huyu atafika kwako pamoja na afisa wa kilimo wa wadi. Atakuwa na chombo cha kutobolea ardhi, mifuko ya karatasi ya nailoni, na kalamu. Atapiga hodi na kuomba mambo mawili: achukue udongo kidogo, na umpe kipande cha shamba apande maharagwe yake ya kujaribia. Je, utamjibu nini?

Najua majibu ambayo watu wengi hutoa. Wengine husema, “Wamekuja wengi, wakachota udongo wakaenda zao, hata leo hatujasikia habari.” Hao hufunga lango. Wengine hukubali upesi kwa sababu ya soda na posho, wala hawaulizi neno. Mimi naona majibu yote mawili yana hasara. Maoni yangu ni haya: mtu huyu akaribishwe, maana tuna haja naye kuliko tunavyodhani, lakini akaribishwe kwa masharti, na sharti kubwa ni kwamba majibu yarudi shambani kabla mkataba wake haujakwisha. Waswahili husema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni akipona peke yake, methali hiyo haijatimia.

KAZI YA VIJIDUDU

Tuanze na kazi yenyewe, kwa kuwa mtu hawezi kuamua vizuri juu ya jambo asilolijua. Udongo wa shamba si vumbi lililokufa. Chota udongo mzuri wa kujaza kijiko cha chai. Ndani yake huenda mna bakteria wapatao elfu milioni, hesabu inayopita watu wote wa Kenya zaidi ya mara 15. Wengi wao huozesha majani makavu na samadi na kuyafanya chakula cha mimea. Wengine ni adui, kama wale wanaoleta mnyauko wa viazi na nyanya. Na wako wengine ambao wamefanya urafiki na mizizi.

Marafiki hao wanaojulikana sana ni wa namna mbili. Wa kwanza ni bakteria wanaokaa katika mizizi ya maharagwe, kunde, ndengu, soya, njugu na mbaazi. Wao hufanya vinundu vidogo katika mizizi. Katika kila sehemu 100 za hewa tunayovuta, sehemu 78 ni naitrojeni, ambayo ni chakula kikubwa cha mimea. Lakini mmea peke yake hauwezi kuitumia naitrojeni ya hewa, kama vile mtu mwenye kiu aliyesimama kando ya bahari asivyoweza kuyanywa maji yake. Bakteria wa vinundu huichukua hewa hiyo, huigeuza, na kuupa mmea. Mmea nao huwalipa kwa sukari. Viwandani kazi hiyo hiyo hufanywa kwa moto mkali, kwa kuisukuma hewa kwa nguvu nyingi, na kwa gesi inayogharimu fedha. Hii ni sababu moja inayofanya mbolea ya dukani iwe ghali.

Wa pili ni kuvu, nao ni nyuzi nyembamba kuliko unywele. Huingia katika mzizi upande mmoja na kutambaa udongoni upande mwingine, zikifika mahali ambapo mzizi hauwezi kufika, na kuuletea mmea fosforasi. Mahindi, mtama, vitunguu, kahawa, mihogo na mimea mingine mingi hupata msaada huu.

Mambo haya si ya kubahatisha. Wakulima wa zamani walijua kwamba nafaka hustawi mahali palipopandwa kunde, lakini sababu hawakuijua. Mwaka 1886 Mjerumani Hermann Hellriegel alieleza kwamba vinundu vya mizizi ndivyo vinavyoiwezesha mimea ya namna ya kunde kutumia naitrojeni ya hewa. Miaka miwili baadaye, mwaka 1888, Martinus Beijerinck wa Uholanzi aliwatenga bakteria wenyewe na kuwakuza nje ya mzizi. Tangu hapo watu walianza kuwaza: ikiwa bakteria hawa wanaweza kukuzwa, je, hawawezi kutiwa katika mbegu?

NCHI MOJA ILIYOFAIDI

Tazama nchi ya Brazil. Mwanamke mmoja mtaalamu, Johanna Döbereiner, alianza kazi ya udongo huko mwaka 1951. Wakati wengi walidhani kwamba soya haiwezi kulimwa kwa wingi bila mbolea nyingi ya naitrojeni, yeye na wenzake walishikilia kwamba itafutwe mbegu ya soya inayopatana na bakteria, na bakteria wanaopatana na udongo wa Brazil. Leo Brazil ni miongoni mwa nchi zinazotoa soya nyingi kuliko zote duniani, na sehemu kubwa ya soya hiyo hulishwa na bakteria badala ya mbolea ya naitrojeni. Mwaka 2025 mwanamke mwingine wa nchi hiyo, Mariangela Hungria, aliyeendeleza kazi ya namna hii kwa miaka mingi, alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia.

Sasa tujitazame sisi. Mwaka 2022 bei ya mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia ilipita shilingi 6,000 katika maduka mengi. Serikali ilitoa mbolea ya ruzuku kwa shilingi 3,500 mwezi wa Septemba mwaka huo, na Agosti 2023 ikaishusha hadi 2,500. Msaada huo ni mwema. Lakini msaada unaotoka katika hazina ya serikali huweza kupungua hazina ikipungua, na bei ya mbolea ya ng'ambo hupandishwa na vita na mafuta ambayo sisi hatuna amri juu yake. Naitrojeni iliyo juu ya shamba lako haipiti bandarini Mombasa. Yatupasa kujua namna ya kuitumia.

KWA NINI TUSINUNUE TU PAKITI

Utauliza, “Ikiwa jambo hili limekwisha kujulikana tangu 1888, mtafiti anatafuta nini tena? Si tununue tu dawa hiyo dukani?” Swali hili ni zuri, na jibu lake ndilo linalonifanya niseme kwamba kazi ya mtu huyu ni ya lazima.

Dawa ya bakteria ipo hapa kwetu tangu zamani. Chuo Kikuu cha Nairobi, pale Kabete, kilikuza bakteria wa kutia katika mbegu, na pakiti zake zikaitwa Biofix. Lakini bakteria si kama mbolea ya chumvi ambayo ni ile ile kila mahali. Ni kiumbe hai. Kila namna ya mmea ina rafiki zake. Bakteria anayefaa soya huenda asifae maharagwe. Tena, maharagwe yamekuwa mashambani mwetu kwa vizazi vingi, na udongo mwingi una bakteria wake wa kienyeji wanaofanya vinundu. Baadhi yao ni wavivu: hula sukari ya mmea na kuuletea naitrojeni kidogo tu. Unapotia bakteria wa pakiti, huwakuta wenyeji hao wengi wamekwisha kukalia mizizi, nao hushindwa kupata nafasi. Kwa hiyo shamba moja huonyesha faida kubwa na shamba la jirani halionyeshi kitu. Pia udongo wenye uchungu, yaani asidi, kama ulivyo katika sehemu nyingi za Magharibi na nyanda za juu za kati, pamoja na upungufu wa fosforasi, huwanyima bakteria nguvu hata kama ni wazuri.

Je, shamba lako ni la namna gani? Je, bakteria wenyeji wa kwako ni wachapa kazi au wavivu? Je, uanze na chokaa, au fosforasi, au pakiti? Maswali haya hayawezi kujibiwa Brazil wala Uholanzi. Hujibiwa kwa kuchimba mizizi ya maharagwe ya Kakamega, ya Embu na ya Machakos, na kuwakuza bakteria wake, na kuwajaribu mmoja mmoja. Hiyo ndiyo kazi ya yule mtu mwenye mifuko ya nailoni.

Kuna sababu nyingine tena. Maduka ya kilimo yana chupa na pakiti nyingi ambazo huandikwa kwamba zina vijidudu vyenye ajabu. Tangu mwaka 2009 wataalamu walifanya kazi ya kujaribu bidhaa za namna hiyo katika Kenya, Ethiopia na Nigeria. Walichunguza zaidi ya 100, na zile zilizoonyesha faida ya hakika zilikuwa chache. Fikiri, msomaji. Mkulima anauza kuku wawili ili anunue chupa, na ndani ya chupa vijidudu wamekufa au hawakuwamo kabisa. Kwa macho hawezi kujua. Kiuatilifu kibaya hujulikana wadudu wasipokufa, lakini chupa ya vijidudu isiyofanya kazi huweza kuuzwa miaka mitano, na kila mwaka lawama hutupiwa mvua. Anayeweza kumtetea mkulima huyu ni mtu mwenye darubini na elimu ya kuhesabu vijidudu, asiyeuza chupa. Tukifunga lango, tumebaki na muuzaji peke yake.

SHAMBA LA MKULIMA NDILO HAKIMU

Wengine hufikiri kwamba utafiti hufanywa katika vyumba vyenye vioo, na mkulima huambiwa tu mwisho wake. Sivyo, au haifai kuwa hivyo. Nitatoa mfano wa hapa nyumbani.

Watu wa Magharibi na Nyanza wanalijua gugu lenye maua ya zambarau, ambalo Wajaluo huliita kayongo. Hushika mizizi ya mahindi chini ya ardhi na kuyanyonya kabla halijatokeza juu. Wataalamu walipata kuvu anayeliua gugu hilo bila kuyadhuru mahindi. Ilibaki kujua kama kuvu huyo angefaa mikononi mwa mkulima wa kawaida. Basi wakulima 500 wa Kenya ya Magharibi wakashirikishwa. Kuvu aliletwa kijijini juu ya vijiti kama vile vya kuchokolea meno, akakuzwa juu ya wali uliopikwa, na wali huo ukatiwa katika shimo pamoja na mbegu ya mahindi. Kila mkulima alikuwa na vipande viwili ubavu kwa ubavu, kimoja chenye kuvu na kimoja kisicho naye. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016: katika mvua ndefu mavuno yalizidi kwa asilimia 56 hivi, na katika mvua fupi kwa asilimia 42. Dawa hiyo ikaja kuruhusiwa kuuzwa Kenya mwaka 2021 kwa jina la Kichawi Kill.

Angalia ni kitu gani kilichofanya habari hiyo iaminike. Wataalamu walikuwa na elimu, lakini nguvu ya ushahidi ilitoka katika vile vipande 500 visivyotiwa kitu. Kama wakulima wangekataa kuacha kipande bila dawa, au wangekipalilia vizuri zaidi kipande kimoja kuliko kingine ili kumfurahisha mgeni, hesabu yote ingekuwa bure. Kwa hiyo mkulima si msindikizaji katika kazi hii. Yeye ni mwenye kiti katika baraza, naye anaweza kudai haki yake.

MANUNG'UNIKO YENYE HAKI

Sasa nije katika manung'uniko ya watu, kwa maana yana haki ndani yake. Wasemao, “Hawarudi,” hawasemi uongo.

Sababu moja ni ule mkataba mfupi. Udongo huenda polepole. Huko Rothamsted, Uingereza, liko shamba ambalo limekuwa likijaribiwa tangu mwaka 1843, na hapa kwetu Kabete liko jaribio la mahindi na maharagwe, pamoja na samadi na mbolea, lililoanzishwa mwaka 1976. Walilifanya hivyo kwa sababu walijua kwamba udongo hauelezi siri zake kwa msimu mmoja. Lakini mtafiti wetu amepewa miaka miwili au mitatu. Mwaka wa kwanza hupita katika kutafuta vibali na mashamba. Mwaka wa pili huenda mvua ikakosa. Mwaka wa tatu anaandika, na huku anatafuta kazi nyingine kwa sababu ana watoto wa kusomesha kama wewe. Kazi nyingine huenda ikawa nchi ya mbali. Tena, mtu huyu hupimwa kwa idadi ya makala aliyochapisha katika majarida ya wataalamu, na majarida hayo huandikwa Kiingereza kigumu. Hakuna anayemwuliza, “Je, ulirudi kwa wale wakulima 30 ukawaambia?”

Sisi makarani wa ofisi za kilimo huona jambo hili kwa upande wetu. Barua ya kuomba mashamba hufika, nasi huiweka katika faili. Orodha ya wakulima huandikwa. Taarifa ya mwisho, ikifika, ni kitabu kinene cha Kiingereza, na kinakaa kabatini. Nimesomea ualimu, na katika ualimu kuna sheria moja isiyovunjwa: ukikusanya madaftari ya watoto, huna budi kuyarudisha yakiwa yamesahihishwa. Mwalimu anayekusanya madaftari na kwenda nayo kwao, hata akiwa na elimu kama bahari, hakufundisha. Udongo wako ni daftari lako. Akilichukua, na alirudishe likiwa na alama.

Kuna manung'uniko ya pili: “Watachukua vijidudu vyetu wakavifanyie biashara ng'ambo.” Hofu hii nayo ina msingi. Mapema katika miaka ya 1990 vijidudu vilichukuliwa katika Ziwa Bogoria, na kutokana navyo vikapatikana vitu vya viwandani, kama vile vya kufifisha rangi ya suruali za jinzi. Mwaka 2004 jambo hilo lilizusha ubishi mkubwa kuhusu haki ya Kenya na ya wenyeji. Mwaka 2006 zikatolewa kanuni za mazingira zinazosema kwamba mtu atakaye kuchukua viumbe vya nchi hii kwa utafiti hana budi kupata kibali cha NEMA, na kuwe na mapatano ya kugawana faida. Kwa hiyo huna haja ya kufunga lango kwa sababu ya hofu, uliza kibali. Mtu mwema hatakasirika kuulizwa.

MASHARTI SITA

Haya ndiyo ninayokushauri, msomaji. Yaandike, au yakate gazetini uyabandike ukutani.

Kwanza, uliza vibali. Mtafiti huwa na leseni ya NACOSTI. Akichukua viumbe hai vya udongo kwa uchunguzi, aonyeshe na kibali cha NEMA. Akitaka kutia katika shamba lako vijidudu vilivyotoka nchi nyingine, aonyeshe kibali cha KEPHIS cha kuviingiza. Mwite afisa wa wadi na mzee wa kijiji wawe mashahidi.

Pili, uliza swali lake kwa maneno mepesi. Mwambie, “Bwana Daktari,” au “Bibi Daktari, unataka kujua nini?” Asipoweza kulieleza kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama yako mpaka ukaelewa, mwambie arudi wiki ijayo baada ya kufikiri. Si kumdharau, ni kumsaidia. Swali lisiloelezeka shambani mara nyingi halina jibu lenye faida shambani.

Tatu, mpatane juu ya hasara. Ikiwa kipande chake kitavuna kidogo kuliko chako, nani atalipa zile gorogoro zilizopungua? Jambo hili liandikwe kabla ya kupanda, maana baada ya kuvuna kila mtu ana hesabu yake.

Nne, kubali kipande kisichotiwa kitu, na ukitunze sawasawa na kile kingine: mbegu moja, siku moja ya kupanda, palizi moja. Kama nafasi ipo, vipande hivyo virudiwe mahali patatu katika shamba, ili rutuba ya karibu na zizi isidanganye. Rusha sarafu kuamua ni kipande gani kitiwe dawa, usichague kwa macho.

Tano, uwe na daftari lako mwenyewe. Andika siku ya kupanda, siku za mvua, siku ya maua na uzito wa mavuno ya kila kipande. Maharagwe yanapoanza kutoa maua, chimba miche mitano katika kila kipande kwa jembe, polepole usivunje mizizi, uhesabu vinundu. Kipasue kinundu kwa ukucha: kikiwa chekundu au cha waridi ndani, bakteria wanafanya kazi, kikiwa cheupe au cha kijani, hawafanyi. Hilo halihitaji darubini, na mtoto wa darasa la nne anaweza kukusaidia. Mali bila daftari hupotea bila habari, na elimu ni mali.

Sita, na hili ndilo kubwa: mwambie ataje mwezi wa kurudi. Aandike, na afisa wa wadi aandike pia, kwamba kabla ya kuondoka atafanya baraza kijijini, na kila mwenye shamba atapata karatasi moja ya Kiswahili yenye mambo matatu: udongo wako una nini, tulipata nini katika kipande chako, na tunakushauri ufanye nini. Ikiwa hakupata faida yoyote, aseme hivyo hivyo. Kujua kwamba pakiti fulani haifai katika udongo wako ni fedha iliyobaki mfukoni.

NENO KWA WENYE KUANDIKA MIKATABA

Nina neno pia kwa wakuu wa vyuo na vituo, ambao gazeti hili huwafikia. Mnapoandika tangazo la kazi hii, mnataja shahada, idadi ya makala na ustadi wa mashine za maabara. Ongezeni mstari mmoja: kwamba miezi miwili ya mwisho ya mkataba ni ya kurudisha majibu kwa wakulima, na mshahara wa miezi hiyo usitolewe mpaka ofisi ya kilimo ya kaunti ipate orodha ya barazani yenye sahihi za wakulima. Gharama yake ni ndogo sana ikilinganishwa na bei ya mashine zenu. Na pale mkataba unapokwisha, bakteria waliopatikana na madaftari ya vipimo vibaki Kenya mahali panapojulikana, ili mtafiti ajaye asianze tena na kutobolea mashamba yale yale kuuliza maswali yale yale. Watu hupita, kazi isipite pamoja nao.

Najua mtu atasema kwamba masharti haya yatawafukuza watafiti. Sidhani. Mtafiti mwenye mkataba mfupi ana hofu kubwa moja, nayo ni kupoteza msimu. Shamba lenye mkulima anayeelewa swali, anayetunza kipande kitupu na kuandika mvua katika daftari, lina thamani kwake kuliko mashamba kumi ya watu waliokubali kwa ajili ya soda. Masharti yakiwa wazi, atakutafuta wewe kwanza.

Tena tusijidanganye kwa upande mwingine. Vijidudu havitaondoa haja ya samadi, chokaa na mbolea. Mahindi hayafanyi vinundu. Yatafaidi tu kwa kupokezana na kunde au kupandwa pamoja nazo. Na pakiti ya bakteria, hata ikiwa njema, itakufa ukiiacha juani au ukiipita tarehe iliyoandikwa, na ukiitia mbegu iliyopakwa dawa kali ya kuua wadudu na kuvu huenda ukaiua siku ile ile. Anayekuahidi kwamba chupa moja itatosha badala ya yote mengine, mwogope.

Udongo wa nchi hii umelimwa sana na umechoka, na watoto watakaourithi ni wengi. Ndani yake wako wafanyakazi wasiolipwa mshahara, lakini hatujawajua kwa majina wala kwa tabia. Anayekuja kuwatafuta anakuja kwa niaba yetu, mradi akumbuke kurudi. Kwa hiyo akipiga hodi, mjibu karibu, mpe kiti, kisha mwulize: “Utarudi mwezi gani?”